Je, Maradhi Yametuumba Tuwakwepe Wageni? Jibu kwa Mwalimu wa Biolojia

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari mjini Musoma. Mwanafunzi wangu alileta darasani makala aliyoikuta kwenye simu, inayodai kwamba watu wa maeneo yenye maradhi mengi wamegeuka kimaumbile wakawa wa kushikamana na ukoo wao na kuwakwepa wageni, na kwamba hiyo ndiyo asili ya ukabila barani Afrika. Je, ni kweli kwamba maradhi ya kuambukiza yamebadilisha mwili wa binadamu? Kama ni kweli, mabadiliko hayo yamefika hadi kwenye tabia zetu za kijamii? Na je, yanaendelea hata sasa tukiwa na dawa na vyandarua?

Jibu: Mwalimu, umeuliza mambo matatu na majibu yake hayana uzito sawa. Kwamba maradhi ya kuambukiza yamebadilisha mwili wa binadamu halina ubishi tena, na sehemu ya ushahidi wake ilikusanywa hapo hapo Musoma. Kwamba yamegusa namna tunavyoishi pamoja nalo ni kweli, ila kwa kiasi kikubwa yamepitia kwenye mafunzo na mila kuliko kwenye vinasaba. Dai kwamba ukabila umeandikwa katika damu yetu na vimelea ni jambo jingine, na mimi silikubali. Sababu nitazitoa, lakini sina budi kuanza na damu yenyewe, maana asiyeelewa jinsi malaria ilivyoibadilisha damu hawezi kupima dai la kwamba imebadilisha tabia.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Gilgil nchini Kenya na aliyekuwa akisoma Oxford, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya sampuli za damu za watu wa jamii mbalimbali. Pamoja na makundi ya damu, alipima pia kama chembe nyekundu zinajikunja mfano wa mundu zinapokosa oksijeni. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya asilimia 20 ya watu wana kinasaba cha selimundu, ilhali katika nyanda za juu na sehemu kame walikuwa chini ya asilimia 1. Lugha na nasaba havikuweza kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa watu wa asili moja walitofautiana kulingana na mahali walipoishi. Ramani ya kinasaba ilikaribiana mno na ramani ya malaria.

Ugumu ulikuwa huu. Zama hizo mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa baba na kwa mama, yaani mwenye SS, kwa kawaida hakufikia umri wa kuzaa. Kila aliyefariki aliondoka na nakala mbili za kinasaba hicho, na kwa hesabu ya kawaida kilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi hadi kiwe nadra. Badala yake, miongoni mwa Waamba wa Bwamba, magharibi mwa Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka uleule wa 1949 ulikuta takriban asilimia 45 ya watu wakiwa nacho. Kinasaba kinachoua hakiwezi kuenea kiasi hicho isipokuwa kuna mahali pengine kinapookoa.

Allison alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 kutafuta mahali hapo. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 247 wasio na kinasaba cha selimundu, yaani wenye AA, 113 walikutwa na vimelea vya malaria, sawa na asilimia 46. Kati ya 43 waliokirithi kwa mzazi mmoja tu, yaani wenye AS, walikutwa 12, sawa na asilimia 28. Alifanya pia jaribio la kuwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu yao wakiwa na kinasaba hicho: katika wale 15 wasio nacho vimelea vilishika kwa 14, na katika wale 15 wenye nacho vilishika kwa 2. Leo jaribio la namna hiyo lingebanwa na masharti makali ya kamati za maadili ya utafiti, na nadhani wanafunzi waambiwe hivyo wanaposimuliwa habari hii.

Lakini takwimu ambazo ningekuomba uziandike ubaoni ni za Musoma, zilizochapishwa mwaka 1956. Kati ya watoto wachanga 287 waliopimwa, 189 walikuwa AA, 89 walikuwa AS na 9 walikuwa SS. Kati ya watu wazima 654, AA walikuwa 400, AS 249 na SS 5. Wape wanafunzi wazigeuze kuwa asilimia wao wenyewe. Wataona kwamba wenye SS wanashuka kutoka karibu asilimia 3 utotoni hadi chini ya asilimia 1 ukubwani, jambo ambalo wengi watalitarajia. Kisha wataona jambo ambalo hawakulitarajia: wenye AA, yaani wenye damu tunayoiita ya kawaida, nao wanashuka kutoka karibu asilimia 66 hadi 61, na wenye AS wanapanda kutoka 31 hadi 38. Watu hawabadilishi vinasaba wakikua. Asilimia ya AS imepanda kwa sababu wenzao wamekufa, wa upande mmoja kwa selimundu na wa upande wa pili, kwa sehemu kubwa, kwa malaria. Tahadhari moja tu: watoto hao na watu wazima hao si walewale waliofuatiliwa tangu kuzaliwa, bali ni watu waliopimwa katika kipindi kimoja, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria. Hata hivyo mwelekeo wake umethibitishwa mara nyingi baadaye. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, Thomas Williams na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba mtoto mwenye AS ana ulinzi wa takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, asilimia 75 dhidi ya malaria ya kumfikisha wodini, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali inayoua.

Namna ulinzi huo unavyofanya kazi inaeleweka vizuri kiasi. Himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida katika kiungo kimoja tu cha mnyororo wa beta, pale nafasi ya sita ambapo asidi ya glutamiki imeachia nafasi yake kwa valini. Kimelea cha Plasmodium falciparum kikishakomaa ndani ya chembe nyekundu huifanya chembe hiyo inate kwenye kuta za mishipa midogo, mahali penye oksijeni kidogo, ili isipitishwe kwenye wengu na kuangamizwa. Kwa mtu mwenye AS, oksijeni ndogo ya mahali hapo huifanya himoglobini yake ianze kugandamana, kimelea kinadumaa, na protini ambazo kingezitumia kunata hazipangiki vizuri juu ya chembe. Maficho ya kimelea yanageuka kuwa mtego wake.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Watakuambia kwamba mwili uliona malaria ukatengeneza selimundu ili ujikinge. Haikuwa hivyo. Badiliko lenyewe lilitokea kwa bahati, kama yanavyotokea mabadiliko mengine mengi katika kila uzazi, na uchambuzi wa Daniel Shriner na Charles Rotimi uliochapishwa mwaka 2018 unakadiria kwamba lilitokea kwa mtu mmoja barani Afrika miaka ipatayo 7,300 iliyopita. Malaria haikuliumba, ililichagua, kwa maana kwamba waliokuwa nalo kwa mzazi mmoja walibaki hai wakazaa. Na uteuzi huo una gharama yake. Kwa kila wazazi wawili wenye AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto wa SS, na familia za kanda ya ziwa zinalijua jambo hilo kwa uchungu kuliko ninavyoweza kulieleza hapa.

Selimundu si mfano wa pekee, ingawa ndio ulio wazi kuliko yote. Thalasemia ya alfa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambavyo pia ni kasoro za damu za kurithi, vimeenea katika maeneo yaleyale kwa sababu hiyohiyo. Karibu watu wote wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na wengi wa Afrika Mashariki, hawana alama ya Duffy juu ya chembe zao nyekundu, na Louis Miller na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba kukosa alama hiyo kunakizuia kimelea cha Plasmodium vivax kuingia. Nje ya malaria ushahidi ni wa mashaka zaidi. Utafiti wa mwaka 2022 uliopima mifupa ya watu wa London na Denmark wa kabla na baada ya tauni kuu ya karne ya 14 ulidai kuona vinasaba vya kinga vikibadilika ndani ya vizazi vichache. Wataalamu wengine walirudia hesabu zake wakasema ushahidi hautoshi, na mimi naona hoja yao ina nguvu.

Sasa tusogee kwenye tabia, lakini kwa mlango ambao makala ya mwanafunzi wako haikuutumia. Makala ile inasema maradhi yanaumba tabia. Katika mifano tunayoielewa vizuri zaidi, tabia ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Frank Livingstone alichunguza kuenea kwa selimundu Afrika Magharibi akaona kwamba inafuata kilimo. Mbu wa Anopheles gambiae huzaliana katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, na chini ya mwavuli wa msitu mnene vidimbwi vya namna hiyo ni vichache. Mkulima alipofyeka msitu, akafungua ardhi kwa jua, kisha akajenga kijiji na kukaa mahali pamoja na watu wengi, alimwandalia mbu mazalia na chakula kwa pamoja. Malaria ikawa ya kudumu, na ndipo kinasaba kilichokuwa nadra kikapata thamani. Jembe na shoka vilibadilisha mazingira, mazingira yakabadilisha maradhi, na maradhi yakabadilisha damu.

Kuna mfano mwingine wa mbali na kwetu ambao ni mkali zaidi. Katika nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea, jamii ya Wafore walikuwa na desturi ya kula miili ya marehemu wao katika mazishi, kwa heshima na mapenzi. Desturi hiyo ilieneza kuru, ugonjwa wa ubongo unaosababishwa na protini iliyoharibika, na walioathirika zaidi walikuwa wanawake na watoto. Desturi ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2009 watafiti waliripoti kwamba katika vijiji vilivyopigwa zaidi kuna badiliko la kinasaba cha protini hiyo, ambalo halijaonekana mahali pengine duniani, na ambalo waliokuwa nalo hawakuugua. Desturi iliyofanywa kwa vizazi vichache tu ilitosha kuacha alama katika urithi wa watu hao.

Ndiyo maana nasita kila ninapoona swali likiulizwa kwa upande mmoja tu. Hata hivyo upande wa pili upo, na haukuanza na binadamu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ulizuka kwa watu wa Kigoma, na muda si mrefu sokwe wa Gombe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall wakaanza kuburuta viungo. Sokwe mzee aliyepewa jina la McGregor alipooza miguu yote miwili. Siku moja alijikokota kwa mikono hadi kwenye mti ambamo wenzake walikuwa wamekaa wakichambuana manyoya, akafika kwa taabu na kuwanyooshea mkono kwa salamu; walihamia upande mwingine bila kumtazama. Wengine walimtishia, na dume aliyeitwa Goliath alimshambulia waziwazi. Lakini dume mmoja aliyeitwa Humphrey, ambaye watafiti waliamini ni ndugu yake, aliendelea kukaa karibu naye. Katika kisa hicho kimoja mna mambo mawili ambayo binadamu pia anayo: kumkwepa aliyebadilika sura na mwendo, na kutomwacha aliye wa karibu.

Kwa upande wetu, mambo matatu yana ushahidi wa kuridhisha. La kwanza ni kinyaa. Usaha, kinyesi, matapishi na nyama iliyooza huchukiza karibu kila mahali duniani, na ni vitu vinavyobeba vimelea kweli. La pili ni namna mgonjwa mwenyewe anavyojitenga: uchovu, kukosa hamu ya kula na kutotaka kuongea na watu si udhaifu tu, bali ni mpango wa mwili wa kuhifadhi nguvu kwa ajili ya homa na kinga, kama alivyopendekeza mtaalamu wa mifugo Benjamin Hart mwaka 1988. La tatu ni uwezo wa kumtambua mgonjwa mapema. Nchini Sweden watafiti waliwadunga watu 16 wenye afya kipande cha ganda la bakteria kinachoamsha kinga, wakawapiga picha baada ya saa mbili hivi. Watu wasiowajua, waliotazama picha hizo tu, waliweza kuwabagua walioamshwa kinga kwa kiwango kilichozidi bahati nasibu. Waliangalia midomo iliyopauka, kope zilizolegea na uso uliovimba kidogo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018.

Angalia kwamba katika yote matatu anayekwepwa ni mgonjwa. Hakuna lolote linalomhusu mgeni. Na mtu anayetuambukiza mara nyingi zaidi ni yule tunayelala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja, kwa hiyo kinga ya kweli dhidi ya maambukizi wakati mwingine inatudai tujitenge na ndugu. Mila zetu zimelijua hilo muda mrefu. Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, mwanaanthropolojia Barry Hewlett na Richard Amola waliwauliza wazee wa Kiacholi namna walivyokabili magonjwa ya mlipuko zamani. Wazee walieleza taratibu kamili zinazoanza mara ugonjwa unapotambuliwa kuwa ni gemo, yaani ugonjwa wa mlipuko. Mgonjwa huwekwa katika nyumba iliyo peke yake, umbali wa kama mita 100 kutoka nyumba nyingine, na mahitaji yake hupelekwa huko. Anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua ugonjwa uleule akapona, na asipopatikana huchaguliwa mtu mzima mwenye umri mkubwa. Nje ya nyumba husimamishwa matete mawili marefu, moja kila upande wa mlango. Ngoma na mikusanyiko hukoma, watu hawalali na wenzi wao, wajawazito na watoto hukatazwa kukaribia, nyama iliyooza au ya kukausha kwa moshi hailiwi. Aliyepona hukaa mwezi mzima wa kuandama kabla ya kutembea huru. Hata mazishi hubadilika: kazi ya kuosha maiti inayofanywa na shangazi siku za kawaida huachwa, na marehemu huzikwa pembezoni mwa kijiji na mtu aliyekwisha kupona.

Nimerefusha maelezo haya kwa makusudi, kwa sababu yanaonyesha kile ambacho nadharia nyingi hukipuuza. Taratibu hizi haziwezi kuwa za kurithi kwa damu. Huwashwa mlipuko unapotangazwa na huzimwa unapokwisha. Zinatofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Zinatambua, bila darubini, kwamba aliyepona ana kinga. Ni maarifa yaliyochujwa kwa vizazi, ambapo jamii zilizoyashika zilipoteza watu wachache zaidi na zikayafundisha kwa watoto. Ukitaka kuuita huo mageuko, ni mageuko ya mila, na mwendo wake ni wa haraka mno ukilinganisha na ule wa vinasaba, ambao kwa selimundu ulihitaji maelfu ya miaka na maiti za watoto wasiohesabika. Mlipuko wa Gulu uliwapata watu 425 na kuua 224, na taratibu hizo zilianza kutumiwa na wanavijiji sambamba na hatua za wahudumu wa afya.

Nadharia ambayo makala ya mwanafunzi wako imeichota ina wenyewe, na haki yao wapewe. Mwaka 2008 Corey Fincher, Randy Thornhill, Damian Murray na Mark Schaller walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba nchi zilizokuwa na maradhi mengi ya kuambukiza huwa pia na watu wanaotanguliza jamaa na kundi kuliko mtu binafsi. Wao wenyewe hawakuonyesha kinasaba cha kukwepa wageni, na sehemu kubwa ya maandishi ya uwanja huu huzungumzia uwezo ambao binadamu wote wanao, unaoitikia mazingira. Makala za mitandaoni ndizo zilizolifanya jambo hili kuwa hukumu juu ya asili ya watu fulani.

Hata kwa sura yake ya kitaaluma, naiona nadharia hiyo ina matobo. Malaria, iliyo miongoni mwa maradhi yanayohesabiwa, huletwa na mbu. Kichocho hutoka kwenye maji yenye konokono. Kumnyima mgeni mkono hakumzuii mbu wala konokono. Kisha nchi si vipimo huru kama watoto waliopimwa Kampala: nchi jirani zina historia moja, hali ya hewa moja, mara nyingi na mtawala mmoja wa kikoloni, na ukizihesabu kila moja peke yake unajidanganya kwamba una ushahidi mwingi kuliko ulionao. Daniel Hruschka na Joseph Henrich walionyesha mwaka 2013 kwamba ubora wa taasisi za serikali unaeleza vizuri zaidi kwa nini watu huegemea jamaa zao: pasipo mahakama, polisi na hospitali za kutegemewa, mtu atamtegemea nani kama si ndugu?

Pwani yetu nayo inakataa. Kuanzia Lamu hadi Kilwa ni eneo la malaria tangu zama, na kama nadharia ingekuwa sahihi basi Waswahili wangekuwa watu wa kufunga milango. Lakini utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 familia nyingi za miji hiyo zilichanganya nasaba za Kiafrika, hasa kupitia akina mama, na nasaba za Kiajemi, hasa kupitia akina baba. Watu waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwa na uhaba wa homa.

Kuhusu ukabila wenyewe, upande wako wa ziwa una ushahidi mzuri kuliko wowote ninaoweza kuutoa. Wajaluo na Wakuria wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, wanaumwa na mbu walewale na wana vinasaba vilevile. Mwanauchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Busia, mahali penye mchanganyiko mkubwa wa makabila palikuwa na shule zilizochangiwa kidogo na wananchi. Meatu, mchanganyiko huo haukuleta tofauti hiyo. Maelezo aliyoyatoa yalihusu siasa za kujenga taifa: lugha ya Kiswahili shuleni, mtaala wa uzalendo, mageuzi ya serikali za mitaa. Mazingira na historia zinazokaribiana, matokeo tofauti. Mwanafunzi wako akiendelea kudai kwamba ukabila umeletwa na vimelea, mwombe aeleze kwanza ni kimelea gani kinachosimama kwenye mpaka wa Sirari.

Swali lako la tatu ni la kama haya yote yamesimama. Hayajasimama, ila uelekeo umebadilika. Malaria ilitokomezwa nchini Marekani mwaka 1951, na huko, miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, wenye AS ni kama mmoja kati ya 12 au 13. Uchache huo, ukilinganishwa na mababu zao wa Afrika, umetokana na kuchanganyika kwa nasaba na pengine pia kuondoka kwa faida ambayo kinasaba hicho kiliwapa mababu hao. Kwetu, vyandarua na dawa mseto vinapunguza faida ya AS, huku penisilini, chanjo na haidroksiurea, dawa ya selimundu, vikiwafikisha utu uzima watoto wa SS ambao zamani wangefariki. Mambo haya mawili yanavuta pande mbili tofauti: la kwanza linaelekea kupunguza kinasaba, la pili linakiacha kirithishwe zaidi. Mabadiliko yoyote yatakayotokea yatapimwa kwa karne.

Kinachokwenda kasi ni kimelea. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilichapisha uchambuzi wa watoto waliolazwa kwa malaria kali Gambia na Kilifi, wakisoma kwa pamoja vinasaba vya mtoto na vya kimelea alichokuwa nacho. Waligundua sehemu tatu katika vinasaba vya Plasmodium falciparum ambazo aina zake fulani huonekana zaidi kwa watoto wenye kinasaba cha selimundu, na kwa watoto walioambukizwa vimelea vya aina hizo, ulinzi wa AS ulielekea kupotea. Kwa maneno mengine, miaka elfu kadhaa baada ya damu ya Kiafrika kumwekea mdudu huyu mtego, baadhi ya vimelea vinaonekana vimeanza kuukwepa. Namna hasa vinavyofanya hivyo bado inachunguzwa, na kwa vile sehemu mojawapo ya hizo tatu iko ndani ya kinasaba ambacho kazi yake haijajulikana, hapo pana nafasi kwa mwanafunzi wako atakapofika chuo kikuu.